Mke Wangu na Jedwali la Diski

Jumatatu, 2 Machi

Leo ni siku ya tisa tangu nioe. Mke wangu! Nimeandika neno hilo mara moja na mkono umetaka kuliandika tena. Mke wangu. Daftari hili amenipa yeye. Alisema, "Wewe bwana ukifurahi unaongea mno. Andika, na mimi nipate kulala." Basi naandika.

Mvua imeanza asubuhi tukiwa njiani kwenda kazini, wawili chini ya mwavuli mmoja. Bega langu la kushoto limelowa mpaka fulana ya ndani na sikujali hata kidogo.

Tunafanya kazi kampuni moja, ghorofa moja. Kampuni inakodisha seva za wingu: mteja anabonyeza kitufe huko aliko, anapata kompyuta ambayo hatakaa aione kwa macho, kwa sababu iko katika chumba chetu cha mashine chenye baridi ya kuumiza meno. Mke wangu hutengeneza imeji, yaani Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, iliyokwisha kuandaliwa ambayo kila seva mpya huanza nayo maisha, kama mche unaotoka kitaluni ukiwa na majani tayari. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikaishia hapo. Napokea simu za wateja wenye hasira, na tangu mwaka jana nazijaribu pia imeji mpya kabla hazijatolewa. Tuna aina kumi na moja za mashine. Naiwasha imeji kwenye kila aina, naandika ipi imewaka na ipi imegoma.

Leo Mkuu ametuita kwa sababu ya Bi Mvua. Ndivyo tunavyomwita mteja wetu wa idara ya hali ya hewa. Seva yake inapokea picha za rada za mawingu, na mvua ikinyesha picha zinamiminika kuliko mvua yenyewe. Diski yake inajaa. Diski kubwa zaidi tunazo tele. Kinachotukwamisha ni jedwali.

"Jedwali letu la zamani linajua kuhesabu mpaka terabaiti mbili, basi," mke wangu akamwambia Mkuu. "Ukimpa diski ya terabaiti nne, litaona mbili. Zilizobaki zitakuwa pori."

"Tumpe diski ya pili pembeni," Mkuu akasema.

Bi Mvua alikuwa kwenye spika ya simu. Akacheka. "Programu yetu aliiandika bwana mmoja ambaye siku hizi anafuga nyuki. Inajua diski moja tu. Nani ataifundisha mbili? Nyuki?"

Hapo mke wangu akanyoosha mgongo. Ninaujua mgongo ule! Akasema tuache jedwali la zamani kwenye imeji zetu zote, tuhamie jipya, kwa Bi Mvua na kwa kila mteja, kwa sababu leo ni yeye na kesho watakuwa ishirini.

Mkuu akafungua kalenda. "Nakupa hadi tarehe kumi na tano Mei. Imeji yako ikiwaka kwenye aina zote kumi na moja, jedwali jipya ndilo la kampuni nzima. Ikigoma hata kwenye moja tu, tunabaki na la zamani, Bi Mvua atatafuta pengine, na wewe utakwenda tawi la pili ukasimamie nyaya. Imeji nitampa mtu asiye na papara."

Tawi la pili ni mwendo wa siku nzima kwa basi. Simu zinapokelewa hapa, mimi sihamishiki.

Mke wangu akasema "Sawa," kama mtu aliyeulizwa atakunywa chai ya rangi au ya maziwa.

Jumatano, 4 Machi

Nimemwomba anieleze hili jedwali kama anavyomweleza mtu asiyejua kitu. Akakaa kitandani, akachukua kipande cha chaki ya kushonea ya mama yake, akachora sakafuni.

"Diski ni kiwanja. Hiki hapa. Jedwali ni karatasi ya getini inayosema chumba gani kinaanzia hatua ya ngapi na kinaishia ya ngapi. Bila karatasi, vyumba vipo ila hakuna anayejua mlango uko wapi."

Karatasi ya zamani, ambayo mafundi huiita MBR, ni ndogo. Vyumba vinne, hesabu mpaka terabaiti mbili, na iko getini peke yake, ikichanika umekwisha. Ya kisasa, GPT, ina nafasi ya vyumba zaidi ya mia, inahesabu mpaka uchoke, na nakala yake inawekwa mwisho kabisa wa kiwanja, kwenye ua wa nyuma.

"Mbona mbili?"

"Kwa sababu kitu cha maana hukiweki mahali pamoja tu."

Nikamwambia basi na mimi nimpende mara mbili, getini na ua wa nyuma. Akanirushia chaki. Ee, nimeoa!

Alhamisi, 5 Machi

Paa linavuja juu ya kitanda. Tumekisogeza dirishani.

Jumatano, 11 Machi

Leo nimwandike Bwana Ghala. Yeye ndiye mtunza imeji. Mke wangu akimaliza imeji anampa. Yeye anaisafirisha kwa waya mpaka jengo lenye ghala letu, ng'ambo ya mto, na mashine zote huichukua kutoka huko. Yuko hapa miaka kumi na sita. Anakula peke yake, kiti kimegeukia ukuta. Aliomba nafasi ya mke wangu na hakuipata, hilo kila mtu analijua.

Nimempelekea habari ya jedwali jipya. Hakunyanyua macho. "Jedwali jipya, matatizo mapya," akasema, akaendelea kumenya yai.

Simpendi.

Ijumaa, 13 Machi

Diski ya Bi Mvua: asilimia themanini na mbili ya kikomo cha terabaiti mbili. Mvua, mvua, mvua.

Jumatatu, 16 Machi

Wenzetu ofisini wamempa mke wangu jina: Bi Jedwali. Dada wa mapokezi akituona tunaingia pamoja anaimba, "Bi Jedwali na nakala yake!" Nakala ni mimi. Nimeona fahari isiyo na kiasi.

Jumanne, 24 Machi

Jaribio la kwanza. Nimeamka nikiwa na furaha, nimerudi na miguu mizito.

Mashine mpya, sita, zimewaka zote kama taa za harusi. Za zamani, tano, hakuna hata moja. Skrini nyeusi, kistari kinapepesa juu kushoto, basi. Nikaandika "imegoma" mara tano, na kila nilipoiandika nikajisikia kama ninayempiga mke wangu kofi.

Yeye alisimama nyuma yangu. Sikuthubutu kugeuka. Kisha nikasikia, "Aa! Mjinga mimi."

"Wewe? Mjinga?"

"Mjinga kabisa. Hizi za zamani zinawaka kwa BIOS, njia ya kizamani ya kuamsha mashine. Zamani kabati la kuwashia, ile programu ndogo inayoiamsha Linux, lilikuwa linajibana kwenye nafasi tupu baada ya karatasi ya getini. Sasa karatasi ni ndefu, imekalia nafasi yake. Kabati limekosa pa kukaa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tulijengee chumba chake. Kidogo, megabaiti moja. Mashine mpya zitakipita bila kukitazama, za zamani zitakikimbilia."

Megabaiti moja! Kwenye kiwanja cha terabaiti nne! Nikamuuliza kama kitu kidogo vile kinatosha. Akasema, "Kwani moyo ni mkubwa kiasi gani?" Kisha akaona haya kwa kusema maneno kama yangu, akaondoka haraka.

Alhamisi, 26 Machi

Zote tano zimewaka mezani kwake. Kumi na moja kwa kumi na moja. Nimembeba kwenye korido, na Mkuu ametuona.

Jumapili, 29 Machi

Mama mkwe kapiga simu. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za cherehani yake, akauliza kwa sauti ya chini, "Baba, mnasubiri nini?"

"Mama, tunasubiri jedwali."

Akashusha sauti zaidi: "Siku hizi na hilo lina jedwali?"

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini sakafuni.

Ijumaa, 3 Aprili

Asilimia themanini na nane. Kitanda kimehama tena, sasa kiko karibu na mlango. Kila tukihama tunahisi kama tumepanga nyumba mpya.

Alhamisi, 9 Aprili

Hakuna jipya. Alinishonea kifungo.

Jumatatu, 20 Aprili

Nataka kuandika taratibu ili nielewe.

Leo ilikuwa imeji rasmi. Si ile ya mezani: ile iliyopita kwa Bwana Ghala, ikaenda ghalani, ikarudi kwenye mashine kama itakavyorudi kwa wateja. Mkuu alileta kiti chake mwenyewe akakaa. Nikaanza na zile kubwa. Moja, mbili, tatu. Mke wangu amefunga mikono kifuani, anatabasamu kwa upande. Saba, nane. Za zamani zikaingia kwenye kile chumba cha megabaiti moja, zikawaka. Kumi! Mkuu akaanza kukusanya funguo zake aondoke.

Ya kumi na moja ni ile ndogo kuliko zote. Wateja zaidi ya nusu wanakodi hiyo hiyo. Ikaamka nusu. Linux ikaanza kusoma maneno yake, ikafika mahali pa kutafuta chumba chenye mfumo wote, ikasimama. *Sikioni*, ndivyo ilivyosema kwa lugha yake. *Nasubiri. Sikioni.* Ikakata tamaa.

"Jaribu tena," mke wangu akasema.

Nikajaribu tena. Nikajaribu mara nne.

Mkuu akarudisha funguo mfukoni. "Zimebaki siku ishirini na tano," akasema, si kwa ubaya. Nadhani ingekuwa afadhali angesema kwa ubaya.

Jumanne, 21 Aprili

Mezani kwake imeji inawaka kwenye mashine ndogo. Kutoka ghalani haiwaki. Imeji ile ile!

Ijumaa, 24 Aprili

Ametengeneza upya kuanzia mwanzo. Mezani imewaka. Kutoka ghalani, haiwaki. Asilimia tisini na tatu. Bi Mvua amenipigia mara mbili: "Mwanangu, huku mawingu hayana likizo."

Jumanne, 28 Aprili

Mara ya tatu. Vile vile.

Mke wangu hali vizuri. Amekaa mezani, chaki mkononi, anachora kiwanja, anafuta, anachora. Nimemwambia ni hodari kuliko wote. Akasema, "Usinisifu leo, tafadhali. Sifa zako zinaniuma." Nimeosha vyombo.

Alhamisi, 30 Aprili

Tumegombana. Mara ya kwanza tangu ndoa.

Nilisema ninachokifikiria: kwamba imeji inatoka kwako nzima, inapita kwa mtu mmoja, inafika imekufa. Nani mtu huyo? Nani aliyetaka kazi yako? Kikulacho ki nguoni mwako.

Akaniangalia kama mgeni. "Una ushahidi?"

"Nina macho."

"Macho si ushahidi. Mtu ana miaka kumi na sita pale, hajawahi kupoteza faili la mteja hata moja. Unataka kumtia doa kwa sababu anakula ameelekea ukuta? Nikishindwa, nishindwe kwa kosa langu. Sitaki kushinda kwa kumsingizia mtu."

"Ukishindwa unaondoka!" Nilipiga kelele. Nilimpigia kelele mke wangu.

"Najua ninakokwenda nikishindwa," akasema polepole. "Basi lake naliona kila siku likipita pale dirishani."

Mvua ikawa inatwanga mabati, tukalala tumepeana migongo.

Ijumaa, 1 Mei

Nimeomba radhi. Amenikubalia. Ila bado hajacheka.

Jumatatu, 4 Mei

Asilimia tisini na tano.

Jumatano, 6 Mei

Mungu wangu, niandike yote, nisisahau hata neno.

Aliniambia nilete ushahidi, si macho. Basi tangu Ijumaa nimekuwa nikifanya jambo la kijinga ambalo mtu wa kidato cha nne analiweza: kuhesabu. Kila imeji inapotoka mezani kwake naandika ukubwa wa faili, tarakimu zote mpaka ya mwisho. Kila inapofika kutoka ghalani naandika tena.

Leo asubuhi nimeziweka pamoja. Hazilingani! Ya ghalani ni fupi. Si kidogo, imepungua kama mkate uliokatwa kipande cha mwisho.

Sikumwambia mke wangu. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Ghala, karatasi mkononi, damu imepanda mpaka masikioni. Alikuwa amekaa na kikombe chake. Nikaibwaga karatasi mezani.

"Mzee, hii ni nini?"

Akavaa miwani. Akasoma tarakimu zote, moja moja, kidole kikitembea juu yake. Akasema, "Umeandika vizuri. Hii ndiyo tofauti niliyoikata."

"Uli-nini?"

"Nimekata mkia. Kama siku zote." Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kijana, imeji za hapa huwa na nafasi tupu mwishoni, baada ya chumba cha mwisho. Hewa tupu. Msimu wa mvua waya wa kuvuka mto unakuwa kama konokono. Mwaka wangu wa kwanza hapa imeji moja ilichukua siku tatu kufika. Tangu hapo nakata ile hewa kabla sijaisafirisha. Mvua ikizidi nakata zaidi. Haijawahi kumdhuru mtu."

Nikakumbuka mchoro wa chaki. Kwenye ua wa nyuma. Mwisho kabisa wa kiwanja. Pale pale penye nakala.

"Mzee," nikasema, na sauti yangu haikuwa tena ya ugomvi, "jedwali jipya linaweka nakala yake mwishoni. Huko unakokata."

Kikombe kikasimama njiani, hakikufika mdomoni wala hakikurudi mezani.

"Mliniambia kuna imeji mpya," akasema mwishowe. "Hakuna aliyeniambia ina kitu mkiani."

Na ni kweli! Tulikaa vikao vinne, tukanywa chai ya vikao vinne, na hakuna aliyemwita. Mimi nilimpelekea habari mlangoni kama mtu anayetupa gazeti, na yeye akanijibu vivyo hivyo.

Akainuka. Nilidhani anakwenda kwa Mkuu kujitetea. Akaenda kwa mke wangu. Mimi nyuma yake kama mkia wenyewe.

"Mama," akamwambia, na mke wangu ana nusu ya umri wake, "wiki hizi zote umekuwa ukitafuta kosa kwako. Liache. Mkasi ni wangu."

Mke wangu akasikiliza. Kisha nikaona uso wake ukifunguka, sijui niuseme vipi, kama mlango wa duka asubuhi. Akachukua chaki, hakungoja karatasi, akachora kwenye ukuta wa ofisi.

"Subiri. Subiri! Karatasi ya getini inasema kiwanja kina hatua elfu. Wewe Baba umekata mia, zimebaki mia tisa. Mashine kubwa zinaiweka imeji kwenye diski ndefu, hatua elfu tatu, elfu tano. Linux inapima, inaona elfu zipo na zaidi, inanung'unika nakala haipo, lakini inakubali. Halafu programu ya kupanua diski inaandika nakala nyingine mwisho mpya. Hatukuona kitu! Lakini ile ndogo inapewa diski yenye urefu ule ule wa imeji iliyofika. Linux inapima, inakuta mia tisa, karatasi inasema elfu. Inasema karatasi hii ni ya uongo, inaitupa. Vyumba vipo, ila karatasi ya kuvionyesha haipo tena."

"Na jedwali la zamani halikujali," Bwana Ghala akasema.

"Halikuwa na kitu huko nyuma. Ungelikata mpaka ukachoka."

Akacheka! Mke wangu akacheka, kicheko chake chote, baada ya siku kumi na sita. Bwana Ghala naye akacheka, jino moja la pembeni halipo, sikuwahi kulijua hilo. Dada wa mapokezi akaja mbio akidhani kuna aliyeugua.

Kisha wakakaa wawili hao, viti vikaelekeana. Shida ya waya bado ipo. Mvua bado ipo. Mke wangu akasema mkia usikatwe, ukunjwe: nafasi tupu ikibanwa inakuwa ndogo kama leso, inavuka mto, inakunjuliwa upande wa pili ikiwa na urefu wake wote. Bwana Ghala akasema anajua programu ya kukunja iliyo bora kuliko anayoifikiria yeye. Wakabishana. Wakabishana kwa raha! Na mimi, mpokea simu, nikawaletea chai, na sijawahi kupeleka chai kwa fahari kubwa kama ile.

Ninamwandika Bwana Ghala upya leo. Niliandika simpendi. Mzee huyu angeweza kusema kimya kimya "waya umeharibu" na hakuna ambaye angejua.

Ijumaa, 8 Mei

Imeji imefika ghalani imekunjwa. Bwana Ghala amenionyesha tarakimu mwenyewe, zimelingana mpaka ya mwisho. Amehesabu mara mbili. Mimi mara tatu.

Jumatatu, 11 Mei

Kumi na moja!

Mkuu na kiti chake. Mke wangu hakufunga mikono safari hii. Alishika mkono wangu chini ya meza. Nikaacha ile ndogo iwe ya mwisho. Linux ikasoma maneno yake, ikafika pale pale, mahali pake pa kukwama. Nikahesabu moja, mbili. Ikapita. Ikapita kama mtu anayeingia nyumbani kwake, ikaomba jina na nywila, tayari kwa kazi.

Nikaandika "imewaka". Mwandiko mbaya, sijali.

Mkuu akasema, "Izime. Iwashe tena."

Nikaiwasha. Ikawaka.

"Tena."

Ikawaka. Bwana Ghala, aliyesimama mlangoni, akasema, "Mkuu, hata ukiiomba kwa magoti itawaka tu."

Mkuu akamgeukia. "Na wewe unaliunga mkono jedwali hili?"

"Mimi ndiye niliyeliua mara tatu," Bwana Ghala akasema mbele ya watu wote, "na mara tatu lilikuwa na haki ya kufa, maana nililikata mkia. Bi Jedwali hakuwa na kosa hata moja. Kama kuna wa kupelekwa tawi la pili, nipelekeni mimi. Ila nawaambia, mvua ijayo mtanikumbuka."

Watu wakacheka, hata Mkuu. Akasema hakuna anayekwenda popote, na kuanzia sasa mtunza imeji atakaa kwenye kila kikao cha imeji, apende asipende.

"Sipendi," Bwana Ghala akasema. "Ila nitakaa."

Jumatano, 13 Mei

Bi Mvua amehamishiwa seva mpya, diski ya terabaiti nne, jedwali jipya. Picha zake zote zimekwenda. Alikuwa asilimia tisini na saba.

Ijumaa, 15 Mei

Siku yenyewe ya mwisho tuliyopewa! Mkuu ametia sahihi: kuanzia leo kila imeji ya kampuni inatoka na jedwali jipya. Karatasi imebandikwa ubaoni, na chini yake jina la aliyependekeza. Nimelisoma jina lile mara nyingi kuliko nilivyosoma cheti chetu cha ndoa. Mke wangu akanivuta shati: "Twende, watu watasema."

"Waseme! Waseme kwa sauti!"

Jumatatu, 18 Mei

Asilimia tisini na tisa ya kikomo cha zamani. Mvua kubwa usiku kucha. Kitanda kiko katikati ya chumba sasa, hakuna pengine palipobaki pakavu, na tumelala kama wafalme.

Jumatano, 20 Mei

Leo tulipanga kuangalia ikipita. Mke wangu alifungua dirisha la seva ya Bi Mvua kwenye skrini, tukaweka viti vitano, Bwana Ghala akaleta mayai. Namba ilikuwa inapanda polepole, picha baada ya picha, huko nje mbingu zimefunguka. Kisha dada wa mapokezi akaanza kusimulia habari za mdogo wake na mbuzi, hadithi ndefu, tukacheka mpaka machozi. Tulipogeuka, terabaiti mbili zilikuwa zimeshapita. Namba ilikuwa mbele ya kikomo kwa picha mia na zaidi, inaendelea kupanda, hakuna hata aliyesikia kitu.

"Imepita na sisi tunaongea habari za mbuzi!" nikasema. Nilikuwa karibu kulia.

"Ndivyo inavyotakiwa," mke wangu akasema, akimenya yai. Hakuwa hata amesimama.

Kisha simu yangu ikalia. Nikakimbia kuipokea kwa mazoea, moyo chini, kwa sababu simu yangu hailii ila kuna mtu amekwama. Ilikuwa ni Bi Mvua.

"Mwanangu, nimepita mbili."

"Ndiyo, mama. Kuna tatizo gani?"

"Hakuna."

Sikuelewa. "Hakuna nini, mama?"

"Hakuna tatizo. Nimepiga kusema hivyo tu. Mvua yote ya msimu huu ninayo, hakuna picha hata moja iliyopotea. Nani aliyefanya kazi hii? Nataka nimtaje kwenye barua."

Miaka mitatu ninapokea simu, na leo ndiyo ya kwanza mtu kupiga kwa ajili hiyo. Nikaweka spika, sauti juu kabisa, ghorofa nzima isikie.

"Ni mke wangu, mama," nikasema.

"Nimeuliza jina, baba, sikuuliza ndoa."

Ghorofa nzima ikaangua kicheko, na mke wangu akaficha uso kwenye viganja, mabega yakitikisika.

"Nitakutajia jina pia," nikamwambia. "Lakini hilo lingine, mama, nitaanza nalo."